Bega la Sifuna na Mama Mmoja wa Kanisani

Kongo, Kawangware
Jumatano, 30 Julai 2025

Kwa ndugu yangu Sifuna,

Mulembe, na Bwana asifiwe. Sisi huku wazima. Jael anasoma hadi anasahau kula. Mtihani wake unakaribia, na Januari Mungu akipenda ataingia shule ya bweni. Paka wa jirani amezaa chini ya meza yangu ya chapati, na siku hizi wateja wanakuja kuangalia paka.

Sasa sikiliza. Mimi na simu basi. Tangu utoke hospitali nimekupigia mara tisa. Nikiuliza bega linaendeleaje, unasema "poa sista". Nikiuliza liliumiaje, ghafla network inapotea. Laini Saba nzima ina network isipokuwa hapo ulipo wewe. Karatasi haina mchezo huo, kwa hivyo kuanzia leo tutaandikiana. Apiyo muuza samaki wa omena anakuja soko la huku kila Jumatano asubuhi na kurudi kwenu mchana. Atakubebea kopo la supu, chapati mbili na barua. Wiki inayofuata akija na jibu lako, utapata supu nyingine. Akija mikono mitupu, supu nitainywa mwenyewe.

Hii ni ya miguu ya ng'ombe, na nimemwambia mwenye bucha aniachie kano zote. Kilichokatika kwako ni kano, basi kula kano. Hilo sihitaji daktari kuniambia.

Niandikie mambo mawili: walikufanya nini huko ndani, na bega liliumiaje. Uliniambia bati lilikuangukia. Muia anafanya kazi na wewe meza moja na hana habari ya bati lolote.

Dadako,
Nelima


Laini Saba
6 Agosti 2025

Dada Nelima,

Mulembe sana. Samahani kwa mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto haukwenda shule. Sisi tuko sawa. Mke wangu Sella ananifunga vifungo vya shati kila asubuhi, na kila asubuhi anacheka upya kana kwamba ni mara ya kwanza. Supu ilifika. Apiyo aliiweka pamoja na omena kwa hivyo ilikuwa na ladha mbili.

Walichofanya ni hiki. Kano ya bega la kulia ilikuwa imeng'oka kabisa kwenye mfupa. Daktari aliingia na kamera kwa tundu dogo, akaivuta, akaishona na kuikaza mfupani kwa misumari midogo. Nikamwambia, daktari, hizo ni riveti, hizo nazijua, nipe wiki mbili nirudi kazini. Akatikisa kichwa. Akasema bati ukilipiga riveti limeshika, lakini kano ukiishona imeshikiliwa tu. Kuunga ni kazi ya mwili, na mwili hauna haraka. Miezi minne, hata sita. Na wengine kano hukatika tena palepale kabla haijaunga.

Ndiyo maana kuna utafiti hapo hospitali, nami nikaingia. Wanataka kujua kama mwili unaweza kusaidiwa na vitu vyake wenyewe. Walinitoa damu, wakaizungusha kwenye mashine hadi ikajitenga, wakachota sehemu yenye zile chembe nyingi zinazogandisha damu ya kidonda na kuita nyama mpya. Hiyo ndiyo inapakwa juu ya mshono. Damu yangu mwenyewe, Nelima! Nimekuwa gundi ya bega langu.

Kuhusu jinsi nilivyoumia, ni kama nilivyosema. Karatasi inaishia hapa.

Ndugu yako,
Sifuna


Kongo
13 Agosti 2025

Sifuna,

Mulembe. Tuko salama. Paka wamefungua macho.

Karatasi yako haikuishia hapo. Nusu ukurasa ulikuwa mtupu, Jael ameufanyia hesabu.

Habari ya damu nimeisoma mara tatu. Kutolewa umetolewa. Je, una hakika ulirudishiwa? Wewe ulikuwa umelala. Uliza vizuri.

Halafu kuna mama mmoja wa kanisani, bega lake linamsumbua. Anauliza kama daktari wako huwa anawaona watu hivihivi au ni lazima uwe umeng'oka kabisa. Mimi nauliza kwa niaba yake tu.

La mwisho ni kuhusu sanduku la Jael la kwenda nalo shule. Najua uliahidi. Lakini kazi ya sanduku ni nyundo toka asubuhi hadi jioni, na nyundo na bega lako haviwezi kukaa nyumba moja mwaka huu. Tutanunua la dukani. Usiguse nyundo, Sifuna. Ukilikata hilo bega mara ya pili, utakula kwa mkono wa nani?

Nelima


Laini Saba
27 Agosti 2025

Dada,

Mulembe. Wiki iliyopita sikuandika kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Wiki hii nimekasirika pia lakini supu nimeikumbuka.

La dukani? Wewe ulienda sekondari na sanduku la nani? La khocha Wangila, ndugu yake mama, alilolipiga kwa mkono wake mpaka jina lako likatokea juu ya kifuniko, tundu kwa tundu. Kwetu mtoto wa dada haondoki nyumbani na sanduku la mtu mwingine. Mimi ndiye khocha wa Jael, na ni fundi wa masanduku. Watoto wa watu wasiojulikana wameenda shule na masanduku yangu kwa miaka ishirini na mbili, halafu wangu mimi abebe la dukani, lile linalokunjika ukilikalia? Hapana.

Kuhusu damu, uliuliza swali baya. Nilimuuliza daktari. Kumbe damu tulitolewa sote, lakini ni nusu yetu tu tuliorudishiwa. Nusu nyingine walishonwa kawaida. Nani ni nani, haijulikani. Hatuambiwi sisi, wala haambiwi yule mama wa mazoezi anayetupima, ili asimwonee mtu huruma kwenye vipimo. Nilipouliza kama basi hiyo damu inasaidia kweli, akasema angekuwa anajua asingefanya utafiti. Majibu ya kwingine yanagongana. Nimekaa na jambo hilo wiki nzima. Nililala meza ya operesheni na sijui nilipakwa gundi au la.

Huyo mama wa kanisani aende tu, wanapima kwa skani. Mpe pole.

Tena, kuna Ambrose wa Makina, fundi wa kupaka rangi nyumba. Yeye na mimi tulishonwa siku moja. Ni mtu wa maneno mengi. Basi.

Sifuna


Kongo
10 Septemba 2025

Kwa Sifuna, mtu mzima wa miaka arobaini na tisa,

Bwana asifiwe. Jael ana mafua. Paka wawili wamepata wenyewe.

Uliandika "basi" baada ya jina la Ambrose ukadhani nimeridhika. Apiyo anamuuzia samaki Immaculate, mke wa Ambrose, na Immaculate hajui kunyamaza. Nasikia mlisimama kwenye korido ya hospitali, wagonjwa wawili wenye mikono shingoni, mkavua vile vitambaa, mkashindana nani anainua mkono juu zaidi ili mjue nani alirudishiwa damu! Mkaweka alama ukutani kwa kalamu ya nesi! Nasikia mama wa mazoezi alipiga kelele mpaka mlinzi akaja.

Nililia, Sifuna. Nilianza kwa kucheka, kisha nikalia kweli, kwa sababu bega moja limeshikiliwa na uzi na wewe umelifanya la mashindano.

Sasa niandikie ukweli wote, pamoja na ule wa kwanza. Leo hakuna supu. Nimekutumia chapati peke yake.

Yule mama wa kanisani anauliza: kama mtu amekaa na bega hivyo mwaka mmoja na nusu, bado linashoneka?

Nelima


Laini Saba
24 Septemba 2025

Dada Nelima,

Mulembe, na nisamehe. Ni kweli tulishindana. Kwa kumbukumbu tu, nilimshinda kwa vidole viwili. Lakini mama wa mazoezi alipomaliza kupiga kelele alikaa chini akanionyesha kwa kano ya kuku jinsi uzi unavyoikata ukivutwa. Aliitoa kwenye chakula chake mwenyewe. Akasema hata kama ulipakwa damu ya malaika, uzi ni uzi. Nimeona aibu.

Na ule ukweli wa kwanza ndio huu. Hakukuwa na bati. Muia alisema, "Wazee wa siku hizi mmeisha, buda." Nikamwambia ahesabu. Nikarukia mbao ya paa la karakana nikajivuta juu. Mara ya kwanza sawa. Mara ya pili sawa. Ya tatu bega likasema *ta!* kama mbao kavu, na nikabaki nimening'inia kwa mkono mmoja nikitabasamu kwa sababu sikutaka ajue. Alijua.

Swali la yule mama nimelifikisha. Daktari alikunja uso. Alisema kano ikikaa imeng'oka muda mrefu hurudi nyuma na kusinyaa, na nyama yake hugeuka mafuta, na ikishageuka hairudi. Hapo huwezi kushona wala kupaka chochote, damu wala nini. Mwaka mmoja na nusu inategemea. Ila asikae hata wiki moja zaidi.

Anaitwa nani? Nitamwandikisha kwa jina.

Halafu dada, chapati zako zimekuwaje? Zilikuwa zinafunika sahani. Hizi za juzi zinatosha kufunika kikombe.

Sifuna


Kongo
8 Oktoba 2025

Sifuna,

Mulembe. Tuko salama. Unga umepanda ndiyo maana chapati ni ndogo. Nimenyoa nywele kwa sababu ya joto. Mama yule hana haja tena, mwache. Jael anaanza mtihani mwisho wa mwezi kwa hivyo msitusumbue.

Supu ipo.

Nelima


Laini Saba
15 Oktoba 2025

Dada yangu,

Joto gani? Oktoba hii Sella analala na blanketi mbili.

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya sanduku ambalo halijaisha, na nikaanza kukuhesabu. Wewe, ambaye mazishi ya mama uliyachelewesha nusu saa ili nywele zimalizwe kusukwa, umenyoa. Chapati zimekuwa za kikombe. Nikamuuliza Apiyo nguo zako unaanika wapi. Akasema siku hizi unaanika juu ya ua, kamba imebaki tupu. Nikamuuliza kopo la supu unampa kwa mkono gani. Akafikiria. Akasema, "Wa kushoto. Kwani hujui? Mimi nilidhani ni wa kuzaliwa."

Nelima, mama wa kanisani ni wewe.

Nimekasirika hadi kalamu imetoboa karatasi. Umenitumia kano za ng'ombe miezi mitatu na lako linasinyaa mwilini! Nakupenda na ninaogopa, na nimekasirika, vyote kwa mpigo.

Ngoja nikuambie langu ili nawe uniambie lako. Mwezi uliopita, Muia akiwa ameenda kununua misumari, nilishika nyundo kwa mkono wa kulia. Nilipiga mara nne. Niliona nyota. Sijamwambia Sella, sijamwambia daktari. Tarehe moja Desemba nitapigwa skani kuona kama kano imeshika au nimeikata, na kila siku naisubiri kama mtu aliyeiba kuku.

Kwa hivyo tukubaliane. Mimi nyundo sitaigusa kwa mkono wa kulia mpaka daktari aseme kwa mdomo wake. Wewe uende upimwe.

Sifuna


Kongo
12 Novemba 2025

Kwa ndugu yangu,

Mulembe. Jael amemaliza mtihani, amelala siku mbili. Barua yako nilikaa nayo mwezi mzima chini ya kibao cha chapati, kwa hivyo ukiona mafuta juu ya hii usishangae.

Ndiyo. Ni mimi. Ilikuwa mwezi wa nne mwaka jana. Nilipanda stuli kutoa sufuria kubwa juu ya kabati, stuli ikateleza, nikajishika na mkono huu wa kulia. Nilidhani ni kuteguka. Nikakandwa na maji moto. Nikajipaka dawa ya mafuta mpaka wateja wakasema chapati zina harufu ya hospitali. Kisha nikazoea. Unajifunza kuvaa nguo kwa kuanzia upande wa maumivu. Unajifunza kuimba kanisani bila kuinua mikono, na pasta anadhani imani imepungua.

Sikusema kwa sababu niliogopa. Wiki sita mkono shingoni, nani angekanda unga? Jael angeenda shule na nini? Na ulipoanza kuniandikia juu ya damu na misumari, nilisoma kila neno nikiwaza, basi huyu apone kwanza, akipona na mimi nitajaribu. Halafu ukaenda kushindana na Ambrose.

Nitaenda. Niandikishe kwa jina langu. Na zile nyundo nne umwambie daktari mwenyewe, usimwambie network ilipotea.

Dadako,
Nelima


Laini Saba
3 Desemba 2025

Dada!

Imeshika!

Daktari alinionyesha kwenye skani, mstari mweupe umelala juu ya mfupa wote, haujaachia. Nikamwambia zile nyundo nne. Akasema nina bahati nisiyostahili. Nikamuuliza, ni ile damu? Akasema niko kundi gani hataniambia mpaka utafiti uishe. Ambrose naye imeshika. Sasa mmoja wetu alipakwa na mmoja hakupakwa, au wote, au hakuna, na tumekubaliana kwamba ni mimi.

Kazi ya nyundo kwa mkono wa kulia ni marufuku mpaka mwisho wa Januari. Kwa kushoto ruhusa. Kwa hivyo sanduku la Jael linaendelea kwa kushoto, Muia ameshikilia bati na amefumba macho. Kidole gumba changu kimebadilika rangi mara tatu.

Nimekuandikisha tarehe kumi. Jumatano, uje na Apiyo. Usipokuja nitakuja mimi kukubeba, na unajua sina mikono ya kutosha.

Sifuna


Kongo
17 Desemba 2025

Sifuna,

Bwana asifiwe. Nashukuru kwa kunisindikiza, ingawa hukuhitaji kumwambia kila mtu kwenye foleni kwamba wewe ni mzoefu.

Nilienda kuchukua majibu jana peke yangu. Nilikaa nje mpaka miguu ikafa ganzi. Daktari akasema kano imerudi nyuma lakini si mbali. Nyama imeanza kugeuka mafuta, kidogo. Akasema ningemaliza mwaka mwingine angenirudisha nyumbani na panadol. Nimepewa Jumatano ya tarehe ishirini na moja Januari, Jael akiwa ameshaenda. Nimeingia kwenye utafiti pia. Watanitoa damu, na kama nitarudishiwa sitajua. Nilisaini kwa mkono wa kushoto.

Niliwaambia akina mama wa kanisani. Nimewatumia kama pazia miezi mitatu, nikaona wanastahili kujua. Walicheka, wakaniombea, wakagawana siku za kukaa kwenye meza yangu ya chapati. Namwamini mmoja tu kwa kukanda.

Nelima


Laini Saba
28 Januari 2026

Dada Nelima,

Mulembe, na pole kwa bega. Sella anakusalimu na anasema nguo zenye vifungo mbele ndizo nzuri. Kopo hili ni la supu. Nimeipika mimi, miguu ya ng'ombe na kano zake zote. Daktari anasema kano ya kula haiendi begani, inaenda tumboni kama chakula kingine. Nikamwambia hajui supu yako.

Bado nacheka ile safari ya kumpeleka Jael stendi. Sanduku lina mikono miwili ya kubebea, na kwetu khocha na mama ndio hulibeba. Mimi bega baya la kulia, wewe bega baya la kulia. Wote kushoto! Kwa hivyo mmoja wetu alilazimika kutembea kinyumenyume kutoka Kongo hadi stendi, na ulikataa kuwa wewe. Jael nyuma na godoro kichwani, akicheka hadi godoro likaanguka. Watu wote wa njia ile walisimama. Lakini Nelima, miezi ile yote tulikuwa tunafichana kwenye karatasi, na siku hiyo nilitembea nimekutazama usoni njia nzima, na sikuwa na karatasi ya kuisha wala network ya kupotea. Niliona ulivyokonda. Niliona unavyouma mdomo. Ningekuwa naenda mbele nisingeona.

Jael amepiga simu kutoka shuleni. Anasema wenzake wanauliza kama sanduku lake liligongwa na gari. Amewaambia limepigwa na khocha wake kwa mkono wa kushoto, na hataki la mtu mwingine.

Sasa sheria ni zako mwenyewe. Apiyo akirudi na barua, unapata supu. Akirudi mikono mitupu, nitainywa mwenyewe. Usiandike "poa".

Ndugu yako,
Sifuna


kongo
4 februari

sifuna

naandika kwa kushoto. kweli haukwenda shule.

supu ina chumvi nyingi na omena. nimeimaliza.

bega linauma, si poa. usiku wa kwanza nilikuita kwa jina, nesi akadhani ni mume wangu.

jana mama mmoja wa kanisani, wa kweli safari hii, alinisuka nywele, zile fupi zilizoota. nilikaa tu mikono chini kama mtoto.

sijui kama nilirudishiwa damu. lakini nimerudishiwa ndugu.

lete nyingine. punguza chumvi.

nelima